Ta Rutaihwa na Gari Lililomfunga Muleba

Mchungaji, wazee wa usharika, majirani, na ninyi nyote mlioacha kazi zenu mkaja hapa kibanjani, katika shamba lake la migomba, familia inawasomea maisha ya mzee wetu Elisha Rutaihwa kama yalivyokuwa, kwani marehemu hakuvumilia kupakwa mafuta kwa mgongo wa chupa akiwa hai, na aliagiza asipakwe akiwa ndani ya jeneza.

Ta Rutaihwa alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Ijuganyondo, Bukoba, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Kahangwa na marehemu Ma Jovitha, akabatizwa mwezi Mei mwaka huohuo.

Alisoma shule ya msingi kule Kahororo kuanzia 1965 hadi 1971, akamaliza darasa la saba, nafasi ya sekondari ikampita, akanuna wiki nzima, kisha akaanza kujifundisha mwenyewe kwa kitabu cha injini cha Kiingereza kisicho na jalada, kamusi ikiwa pembeni, neno baada ya neno, na ndiyo maana hadi mwisho alitamka majina ya vyuma kwa namna yake, na ole wake aliyemsahihisha.

Mwaka 1975 aliajiriwa katika gereji ya malori ya kahawa mjini Bukoba, akatoka 1988 kufungua gereji yake Hamugembe, ambako alijulikana kwa mambo mawili, mikono safi na mdomo usiozunguka, maana aliweza kumwambia mteja mbele za watu, "Bwana, injini hii imekufa, gari lifugie kuku," na mteja akirudi baada ya kudanganywa kwingine alikuta jibu ni lilelile.

Tarehe 15 Desemba 1984 alifunga ndoa na Alistidia, mjane wetu aliyekaa hapa mbele, wakajaliwa watoto wawili, Lilian mwaka 1986 na Kamala mwaka 1990.

Mwaka 2006 alihamia hapa Muleba kurithi kibanja hiki cha baba yake mdogo, akifunga gereji bila kinyongo, na Februari 2009 alinunua lile gari dogo mnalolijua, kutoka kwa Bwana Najibu wa Bukoba, ambaye alimweleza wazi kwamba likipanda kilima linapiga chafya na kuzima.

Marehemu alilisikiliza asubuhi moja akasema lina njaa, linapata hewa nyingi na petroli kidogo, akafungua kabureta, pale petroli na hewa zinapochanganyikia, akapanua kwa sindano ya cherehani kile kitundu cha shaba kinachopitisha petroli, kiitwacho jeti, na alipoona bado, akafunga waya wa breki ya baiskeli kwenye choki, ile inayoziba hewa ili petroli izidi, akaupitisha hadi chini ya dashibodi na kuuwekea kishikio cha mti wa kahawa, na kila alipoirudisha kabureta mahali pake alikata gasketi mpya, ile karatasi inayoziba upenyo kati ya chuma na chuma, kwa mkono wake kutoka kwenye boksi la sabuni, kwa sababu alisema kununua gasketi ni kumdharau aliyekupa mikono.

Gari likapanda, likawa gari pekee lililokubali mlima wetu wakati wa masika, bodaboda zikishindwa kubeba mgonjwa wa kulala, na kuanzia hapo akina mama wenye uchungu, wazee wenye pumu na waliovunjika miguu walipanda na kushuka nalo vilima hadi hospitali, wala hakuna aliyeachwa.

Lakini waya ule ulitaka sikio la aliyeufunga, ukiuvuta mno plagi zinaloa na moshi mweusi unajaa barabara, ukiulegeza gari linapiga chafya na kufia katikati ya mlima na mgonjwa ndani, hivyo dereva alikuwa mmoja tu, na kwa miaka kumi na minne Ta Rutaihwa hakulala nje ya kijiji hiki, si kwa kutotaka.

Tarehe 17 Agosti 2017 alikuwa stendi ya Muleba na suti yake begani, akienda Dodoma kwenye harusi ya Lilian, simu ikaita, Safina wa kitongoji cha chini amezidiwa na uchungu, naye akabaki amesimama mguu mmoja kwenye ngazi ya basi, kondakta akamwambia, "Mzee, hili letu halina choki, linaondoka," na Ma Alistidia aliyekwisha kukaa akamwambia kupitia dirishani, "Baba Lilian, shuka, lakini ujue lile gari ulilifunga wewe, na sasa limekufunga." Akashuka, Safina akajifungua salama, na Lilian akasindikizwa kanisani na mjomba wake.

Kufundisha alijaribu, hilo tumtendee haki, ila hasira zilimtangulia, na mwaka 2019 Jovina, muuguzi wa zahanati yetu, aliyekuwa na leseni na moyo, alifika nusu ya kilima cha kwanza, akaambiwa, "Unavuta waya kama unakamua ng'ombe, shuka," naye akashuka, akatembea kilomita nne kurudi kwake, na asubuhi yake akampima presha mzee huyohuyo bila neno.

Novemba 2023 alitembelewa na fundi mwenzake wa Hamugembe, Bwana Jamali, ambaye alilisikiliza gari likinguruma, akaomba maji ya sabuni, akayamwagia chini ya kabureta, mlio ukabadilika palepale, akasema, "Mzee, gari halikuwa na njaa, linavuta hewa ya wizi, gasketi zako za boksi zinaungua kwa ndani." Marehemu alimwambia amwachie sabuni yake aende zake.

Siku mbili hakula vizuri, siku ya tatu akafungua kabureta peke yake, akaona alama nyeusi pale boksi lilipoungua, na Jumapili wakati wa matangazo akasimama kanisani akasema kwamba kasoro ilikuwa gasketi tangu siku ya kwanza, ile ya Bwana Najibu iliyochakaa na kisha zake za boksi, kwamba ujanja wote ule uliziba kosa la mkono wake, na kwamba amewafunga watu wengine pamoja naye, akaketi, na ni agizo lake kwamba hili lisomwe leo bila kupunguzwa.

Bwana Jamali alirudi na gasketi ya dukani na jeti ya kipimo chake, waya ukatolewa, na Januari 2024 Jovina akaliendesha hadi hospitali na mgonjwa nyuma, mzee akiwa amesimama uani anasikiliza mpaka mlio ukapotea.

Aprili 2024 alifika Dodoma, akamwona mjukuu wake wa miaka sita kwa mara ya kwanza, lakini kila simu ilipoita, hata ya jirani, aliinuka kutafuta viatu, na siku ya nne akaomba tiketi ya kurudi, Lilian akamnyima, akakaa siku ishirini na moja.

Januari 2025 iligundulika kwamba moyo wake umepanuka, akatibiwa na kurudi nyumbani, hadi tarehe 5 Juni alipozidiwa, Jovina akamshusha na gari lile, naye njiani hakutoa maelekezo yoyote, jambo lililomtisha Jovina kuliko mapigo ya moyo wenyewe, na tarehe 6 Juni 2025, saa nne asubuhi, akafariki dunia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, usharika, majirani waliolala hapa, mafundi wa Hamugembe, Bwana Jamali kwa kusema kweli kwa mtu mgumu kuambiwa, na wote waliowahi kufokewa mlimani wakaendelea kumsalimia.

Tangazo ni moja, ufunguo wa gari uko kwa Jovina, kwa hiyo mgonjwa akizidiwa msije tena kugonga hapa, nendeni kwake.

Pumzika kwa amani, Ta Rutaihwa, lala, hakuna anayekuita.