Kibuyu Kilichooshwa kwa Heshima ya Mgeni

Risala ya Kikundi cha Tunza Vya Kale, Kilosa, kwa Mgeni Rasmi, Afisa Utamaduni wa Mkoa, siku ya kufungua chumba cha kikundi

Mgeni rasmi, Bi Jackline Lupakisyo. Mwenyekiti wetu, Mzee Stefano. Viongozi wa mtaa na wa dini. Wageni mliotoka Mikumi, Magole na Msowero. Nanyi nyote mnaotusikia, wa chini ya turubai hili na wa ng'ambo ya barabara. Wakubwa wetu, shikamooni. Wadogo zetu, shikamoo zenu tumezipokea, marahaba.

KARIBU KILOSA

Mgeni rasmi, tunajua safari ya kutoka Morogoro si ya kuchezea, na vumbi la barabara yetu halichagui cheo. Kwa kuwa umefika, tunasema asante kabla ya kusema jambo lingine lolote. Ngoma umeiona, soda umekunywa, na wali bado unakungoja jikoni.

Bila shaka umeona pia kwamba mlango wa chumba ulichokuja kukifungua una kufuli, na hakuna utepe wala mkasi. Hatukusahau. Tunaomba utuvumilie mpaka mwisho wa risala hii, maana habari yenyewe iko huko.

TULIKOTOKA

Kikundi chetu kilizaliwa na maji. Mwaka ule mto Mkondoa ulipoingia majumbani mwetu bila hodi, tulikimbia na watoto na magodoro. Maji yalipopungua, kila mtu alitoa vitu vyake nje vikauke. Mtaa mzima ukawa kama soko ambalo hakuna anayeuza. Kumbe unaweza kumjua jirani yako, mkazikiana na kuozeshana, usijue kwamba chini ya kitanda chake kuna redio ya mbao ya marehemu baba yake.

Aliyezunguka sana siku zile ni Agatha. Alikuwa dobi wa nyumba moja ya wageni karibu na stesheni, mjane asiye na mtoto, mtu wa maneno machache na mikono isiyotulia. Alikwenda ua hadi ua na ndoo yake, akiwafutia watu matope. Kwa Mzee Stefano, fundi saa, alikuta saa ya ukutani imejaa tope hadi kwenye mishale. Yeye akaifuta, mzee akaifungua na kuikausha chuma kwa chuma. Siku ilipogonga tena walikuwa wote wawili wameketi kizingitini, na Agatha akalia. Alipoulizwa kinachomliza, alisema hakujua kwamba kitu kinaweza kupona.

Kikundi kilianza siku hiyo, ingawa katiba ilikuja baadaye sana. Chumba tulipewa na Mudi, mkulima mwenzetu, kilikuwa ghala lake la mahindi. Ufunguo tulimkabidhi Agatha, kwa kuwa nyumba yake ndiyo ile unayoiona ng'ambo ya barabara, yenye mlango wa kijani.

DESTURI YETU

Mgeni rasmi, tuna desturi moja ambayo watu wengi huicheka. Kitu chochote kilichokuzidi umri, unakiamkia. Aliyeianzisha ni Agatha. Kila akifungua mlango husema, "Shikamooni," kisha hupita kwa kimoja kimoja. Siku moja alitoka kuchota maji, na aliporudi akaamkia upya, hakujua kwamba Mzee Stefano amejiingiza humo, yuko chini ya meza anatafuta skrubu. Sauti ikatoka mvunguni: "Marahaba, mwanangu." Ndoo ilianguka, chumba kikalowa, na mwenyekiti hakusemeshwa mpaka Jumapili baada ya misa.

Lakini salamu bila kuitikiwa si salamu. Kwa hiyo kila kitu humu kina namna yake ya kuitika. Saa hutiwa ufunguo ikagonga. Redio huwashwa, hata ikikoroma tu. Pasi ya mkaa hunyooshewa kanga. Taa ya reli aliyoileta mwanakikundi mwenzetu Casmir kutoka Mikumi, aliyoachiwa na baba yake mfanyakazi wa stesheni, huwashwa jioni hata kama umeme upo. Sisi hatutunzi maiti, mgeni rasmi, tunatunza wazee. Ndiyo maana chumba chetu kina kelele kidogo.

MAFANIKIO

Tumepokea wanafunzi wa shule nyingi. Mtoto mmoja wa kutoka Kilangali aliikagua redio pande zote, akauliza inachajiwa wapi. Tumepokea vitu kutoka kwa watu ambao zamani wangevitupa, na tumepatanisha ndugu waliokuwa wakigombea cherehani ya mama yao. Sasa wanaitumia kwa zamu, na ikichoka inapumzika kwetu.

Lakini fanikio letu kubwa ni Mama Kija. Mama Kija anatoka Msowero, kwenye familia ya wafugaji wa Kisukuma waliohamia kutoka Shinyanga. Hatutakuficha, mgeni rasmi: hapa kwetu mkulima na mfugaji hawakalii benchi moja kila siku. Ng'ombe wa mwanawe, Kija, waliwahi kuingia kwenye mahindi ya Mudi, na jambo hilo lilikula vikao vingi. Siku Mama Kija alipofika hapa na kitu kimefungwa kwenye kitenge, aliyekuwa ameketi mlangoni ni Mudi. Mudi alisimama, akampa kiti. Baadaye alijitetea kwamba hakumpa yeye, alikipa kile alichokibeba.

Kilikuwa kibuyu cha kusukia maziwa, cha mama yake mzazi, kimeshonwa kwa uzi mahali kilipopasuka. Mama huyo alifariki huko kwao wakati bintiye yuko njiani na mifugo, na maziko hakuyawahi. Picha yake haipo hata moja. Ila maisha yake yote alikuwa akikifukiza kibuyu kile kwa kijinga cha moto, na moshi wake ukaingia mpaka ndani ya ganda. Agatha alimuuliza kinaitikaje. Mama Kija alifungua kifuniko, akainamisha pua, akafumba macho.

"Hivi," alisema. "Mama ameitika."

Alituomba tumtunzie, kwa sababu kwake wanahamahama na watoto ni wengi. Tangu siku hiyo kila Jumatano hushuka kwenye bodaboda, na kabla ya kutusalimu sisi tulio hai, huenda kwanza kwenye kibuyu. Agatha humsubiri na chai. Wakawa marafiki wa aina yao, wa kunywa birika zima bila kuzungumza na kuagana kana kwamba wamemaliza mengi.

CHANGAMOTO

Tuna panya. Bati linavuja juu ya redio. Tuna watu wa mijini wanaokuja na magari mazuri, wakitaka kununua pasi ya bibi wa mtu kwa bei ya sahani ya chipsi. Hayo tutayaweza. Changamoto iliyotushinda haihusu panya wala bati, na imetokea kwa sababu yako, mgeni rasmi, ingawa kosa si lako.

Ulipokubali kuja, tulifurahi kupita kiasi. Tukaitisha kikao. Mwenyekiti alisema vitu ving'are. Katibu anayekusomea risala hii akaongeza kwamba mgeni asikute hata doa. Mudi akasema harufu ya ghala itoke kabisa. Hakuna aliyesema "isipokuwa kibuyu". Na Agatha ni dobi, amri ya usafi kwake ni amri ya heshima. Alitusikiliza, akaenda kununua sabuni.

Alikiosha kibuyu kile kwa upendo wote alionao. Alikisugua ndani kwa sabuni ya unga na mchanga, akakisuuza mpaka maji yakatoka meupe, akakianika juani kutwa. Akakifumia kitambaa cha kukalia, cheupe, chenye maua pembeni. Jumatano ilipofika, alisimama mlangoni kumsubiri mwenzake, na waliokuwepo wanasema hawajawahi kumwona Agatha akitabasamu na meno yote.

Mama Kija alikipokea. Alifungua kifuniko, akainamisha pua. Akanusa tena. Akakigeuza, akanusa upande wa pili. Hakugomba, hakulia. Alikifunika taratibu, akasema kwa sauti ndogo:

"Leo mama hajaitika."

Agatha alielewa kabla ya sisi wote. Aliitazama mikono yake kana kwamba ni ya mtu mwingine. Akaweka ufunguo juu ya meza, akavuka barabara, akafunga mlango wake wa kijani, na hajaufungua kwa yeyote kati yetu tangu siku hiyo. Tukienda huongea nasi dirishani, nyuma ya pazia. Hujibu kwamba yeye ni mzima, anashukuru, twende tukaendelee na maandalizi. Mzee Stefano alibeba kiti akaenda kukaa barazani kwake mchana mzima. Aliporudi na kiti chake alitueleza jambo moja tu aliloambiwa kupitia pazia: "Mama wa mtu nimemuua mara ya pili. Nitamtazamaje?"

Mama Kija naye alirudi Msowero na kibuyu chake. Tukajua tumewapoteza wote wawili, na tukaona aibu, maana neno la kwamba ving'are lilikuwa letu, na mikono tu ndiyo ilikuwa ya Agatha.

Jumatano hii iliyopita bodaboda ikasimama. Akashuka Mama Kija, kibuyu kikiwa kwenye kitenge kilekile, na nyuma yake Kija amebeba mzigo wa kuni. Ni za mti ambao bibi yake alikuwa akifukizia. Aliutafuta sana, akaukuta kwenye mpaka wa shamba la Mudi, na Mudi mwenyewe ndiye aliyelikata tawi kwa panga lake. Tulipomkaribisha Mama Kija kiti hakukaa. Alisema maneno haya, nasi tunayasoma kama alivyoyasema:

"Mama yangu naye alipewa kibuyu kikiwa hakina harufu. Alianza na kijinga kimoja. Basi na sisi tuanze. Ila mimi sikifukizi. Aje aliyekiosha, nikae pembeni nimwelekeze, kama mama alivyonielekeza mimi."

Tulikimbia wote hadi dirishani kumpa Agatha habari. Hakuamini. Alisema tunamhurumia tu, kwamba hakuna mtu anayeweza kusema maneno kama hayo baada ya kufanyiwa jambo kama lile. Tukamrudia Mama Kija, aende mwenyewe. Akasema akienda yeye itaonekana amekwenda kudai, na yeye hadai. Hapo akili zetu zikagota.

MAOMBI

Mgeni rasmi, rasimu ya kwanza ya risala hii iliomba bati na makabati ya vioo. Tumeyaondoa. Bati tutaomba siku nyingine, na makabati hatuyataki tena, maana kibuyu kikiwa nyuma ya kioo utakinusaje?

Tunalo ombi moja. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Sisi tuliposoma barua yako tulidhani dawa utakayokuja nayo ni bajeti. Sasa tumeona dawa ni wewe mwenyewe. Agatha anaweza kutukatalia sisi aliotuzoea, lakini katika maisha yake hajawahi kuiacha hodi ya mgeni bila kuitikia karibu. Alifanya kazi nyumba ya wageni, hilo liko kwenye damu yake.

Kwa hiyo, badala ya mkasi, tunakukabidhi ufunguo huu. Tunakuomba kwa heshima zote, na tunajua viatu vyako si vya barabara yetu, uvuke mpaka ng'ambo, upige hodi kwenye mlango wa kijani, umpe ufunguo aliyeuacha. Usijisumbue kumwambia mengi. Mwambie tu makaa yameiva. Wala hutakuwa umesema uongo: moshi unaousikia tangu ulipofika si wa wali, ni Mama Kija, ameketi nyuma ya chumba na kibuyu mapajani, na kigoda cha pili hakina mtu.

Bila Agatha chumba hiki hatukifungui, hata kwa heshima ya mkoa. Vitu vyote humo ndani havijaamkiwa tangu siku ile. Saa ya Mzee Stefano imesimama, na yeye mwenyewe amekataa kuitia ufunguo, anasema inamsubiri mwenye salamu.

DUA

Mgeni rasmi, Mungu akubariki kwa kila hatua utakayoipiga kuvuka barabara hii, akurudishe Morogoro salama, na ukifika nyumbani ukute wako wote wazima. Awabariki Kija na Mudi, mpaka wao uendelee kuota mti ule. Ailaze roho ya mama yake Mama Kija mahali pema, na amruhusu aitike tena, hata kama ni kidogo kidogo. Na ampe Agatha wetu miguu ya kufika mlangoni. Waliotupenda hawakututaka tung'are, walitutaka tuwepo.

Ni sisi wako, wanakikundi wote wa Tunza Vya Kale, Kilosa.

Imesomwa na Scolastica, katibu, kwa sauti ya kufika ng'ambo ya barabara.