Makaburi ya Viena na Lile la Mau Narok

MAMA: Haloo? Nani huyo? Namba ni ndefu.

JEPKOECH: Ni mimi, Mama. Jepkoech.

MAMA: Bwana asifiwe. Hauko kazini?

JEPKOECH: Amina. Leo niko off. Nimekuja kutembea kwa makaburi ya zamani, hapa Viena.

MAMA: Nani amekufa?

JEPKOECH: Hakuna. Watu huja tu kuangalia. Kuna miti, kuna viti—

MAMA: Viti vya matanga?

JEPKOECH: Vya kupumzika. Kuna mzee hapa anakula mkate.

MAMA: Juu ya kaburi.

JEPKOECH: Kando, Mama. Unajua huku kaburi ni la kukodi?

MAMA: Kama nyumba.

JEPKOECH: Miaka kumi. Jamaa wasipolipa tena, jiwe linatolewa, mwingine anazikwa hapo hapo. Na hakuna mtu hulia. Ni kawaida tu.

MAMA: Sikusikii. [mtandao unakwaruza]

JEPKOECH: Nasema ni kawai—

MAMA: Weldon alikupigia lini?

JEPKOECH: Weldon gani?

MAMA: Ndugu yako. Una mwingine?

JEPKOECH: Jumanne.

MAMA: Akakuambia amepata mtu wa kununua shamba la juu hapa Mau Narok, yule mkulima wa viazi, lakini hataki kaburi la baba yako ndani.

JEPKOECH: Alisema tu tunaweza kumhamisha pole pole, pasta akiwa hapo. Mama, hiyo shamba siku hizi hata huilimi—

MAMA: Baba yako hajalalamika.

JEPKOECH: Mama.

MAMA: Ngoja. Fundi, hapo ongeza maji kidogo. Haya, sema.

JEPKOECH: Fundi wa nini?

MAMA: Wa simiti. Tunajengea kaburi. Ameanza saa mbili.

JEPKOECH: La Baba?

MAMA: La wawili. Jina langu ameshaandika kando ya lake. Ameacha tu nafasi ya tarehe.

JEPKOECH: Mama, wewe ni mgonjwa?

MAMA: Niko sawa. Jana nilipalilia mpaka jioni.

JEPKOECH: Weldon anajua?

MAMA: Si ndiye alileta hiyo simiti kwa pikipiki. Hakuniuliza ni ya nini.

JEPKOECH: Sasa huyo mtu wa viazi—

MAMA: Akitaka, anunue. Atakuwa anatulimia kando.

JEPKOECH: Mama, bando inaisha, nitakupigia—

MAMA: Haya. Vaa sweta. Na Jepkoech, kabla hujatoka hapo, waombee hao wapangaji.

JEPKOECH: Sawa, Ma—

[simu imekatika]