Wasimame au Walazwe

Asubuhi ya Jumamosi moja ya mwaka 1958, kwenye benchi la Swaleh muuza kahawa, pale Kamenu, lililetwa shauri lisilokuwa na mfano. Mbaluka, mpishi katika nyumba ya Mzungu karibu na maporomoko ya Chania, alifungua kitambaa akatoa wanyama wa plastiki: mwenye pembe, mwenye shingo ndefu na mwenye meno. Jioni ile mtoto wa nyumba alikuwa na sherehe ya kuzaliwa, na wanyama hao walitakiwa juu ya keki, ila Mbaluka hakujua awasimamishe au awalaze. Mpishi aliyemtangulia Mbaluka alifukuzwa kwa sababu ya keki.

— Memsabu alisema nini hasa? aliuliza Githinji, aitwaye Korti kwa kuwa aliwahi kufagia mahakamani.

— Amesema, "Weka kama vile walikuwa." Tena akasema hawa wote walikufa zamani, hakuna hata mmoja amebaki. Akaenda Nairobi.

— Basi umejibiwa. Maiti hasimami. Walaze ubavu.

— Juu ya keki ya mtoto? alisema Swaleh akimimina kahawa.

— Sheria haijui keki.

— Korti, wewe ulikuwa unafagia tu.

— Nilifagia nikisikiliza.

Swaleh alimwinua mwenye shingo.

— Hawa ni wa gharika. Nabii Nuhu alipima mlango wa safina, akaona hii shingo, akamwambia abaki.

— Na huyu wa pembe? aliuliza Githinji. Ng'ombe si aliingia na pembe zake?

— Huyu alichelewa. Haraka haraka haina baraka.

— Hiyo methali inamtetea, Swaleh.

— Kwa hivyo niweke maji? aliuliza Mbaluka. Niko na rangi ya buluu kidogo.

— Weka, waelee.

— Napinga, alisema Githinji. Huyu wa meno alikula wenzake wote, halafu njaa ikamuua. Walaze hao wawili, na yeye umkondeshe.

— Nitakondesha plastiki namna gani, Korti?

Nduku, muuza ndizi, alikuwa ametua kiondo chake ili anywe kahawa. Aliwatazama wanyama.

— Kuna mtu alipata kuwaona hawa?

— Hakuna, alisema Mbaluka. Walikufa kabla ya watu.

— Na mtoto anawapenda?

— Analala nao. Huyu wa meno anamfunika blanketi asihisi baridi.

— Sasa mtu anapendaje kitu kilikufa kabla ya babu ya babu yake?

Mbaluka aliwafunga wanyama polepole, kichwa cha mwenye meno kikiwa nje ya kitambaa.

— Watasimama, alisema.

Githinji alidai sababu. Mbaluka alikuwa ameshashika njia ya Chania.