Bi Cherehani na Barua za "Dada"

Ndugu, jamaa na majirani mliokuja kukaa nasi, mimi ni kitinda mimba wa marehemu, na wakubwa zangu wamenituma niwasomee maisha ya mama yetu, kwa hiyo naomba mnivumilie, maana pana mahali nitasimama kidogo nivute pumzi.

Mama, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Cherehani tu, alizaliwa tarehe 9 Agosti 1946, mtoto wa pili wa seremala na muuza maziwa, katika chumba cha nyuma ya karakana, na bibi alikuwa akisema kilio chake cha kwanza hakikusikika kwa kelele za msumeno. Alisoma shule ya msingi ya mtaani kuanzia 1954 hadi 1960, akiwa na mwandiko mzuri ajabu, lakini hakuendelea, kwa sababu baba yake alishikwa na ugonjwa wa kifua, naye akahitajika nyumbani. Mwaka 1963 aliajiriwa katika kiwanda cha nguo karibu na stesheni ya reli, akaanza na vifungo, akapanda hadi kusimamia meza ya mashati, na huko ndiko alikopewa jina lake, si kwa kushona tu, bali kwa sababu, wenzake walisema, hata mdomo wake haukuwa na breki.

Tarehe 3 Juni 1967 alifunga ndoa na baba yetu, huyu mnayemwona hapa mbele, wakati huo askari kijana, aliyemletea suruali ya sare aipunguze, akairudisha tena na tena akidai bado ni ndefu, mpaka mama akamwambia, "Ukiirudisha tena itakuwa kaptula, sema unachotaka." Walijaliwa watoto watatu, dada yetu mwaka 1968, kaka yetu mwaka 1970, nami mwaka 1973.

Vita vilipoanza nilikuwa bado mdogo, sijaanza shule. Baba aliondoka na kikosi chake, na mama akawa anamwandikia kila wiki, kwamba dada ameng'oka jino, kwamba bati la jikoni linavuja, kwamba jirani ameazima pasi na kuirudisha bila waya, maana baba mwenyewe alimwomba, "Niandikie ya nyumbani tu, ya huku nayaona kwa macho yangu."

Kisha mji wetu ukatekwa. Askari wapya walipita na vipaza sauti, wakataka kila mwenye mume au mtoto katika jeshi la upande wa pili ajitokeze, na mke wa kinyozi wetu, mama mpole asiyejua kudanganya, ambaye mume wake naye alikuwa vitani, alijitokeza na mwanawe mgongoni, wakapandishwa lori, na hadi leo hatujui walikopelekwa. Siku ileile mama alichoma picha zote za baba, akatukusanya jikoni na kutuambia baba amekufa kwa ajali ya treni. Wakubwa zangu aliwanong'oneza ukweli baadaye, mimi hakuniambia, kwa kuwa mtoto wa umri ule hawezi kufunga mdomo.

Hata hivyo hakuacha kuandika. Barua zilivushwa mto na muuza chumvi, ndani ya magunia yake, na humo baba aliitwa Dada, na wale askari waliitwa wageni, "Dada, wageni bado wapo, na hawasemi lini wataondoka." Dada yetu anakumbuka kwamba mama alikuwa akiandika huku akiutazama mlango.

Asubuhi moja walimkuta na kalamu mkononi. Waliingia askari watatu na ofisa wao, wakapindua magodoro, na ofisa akaichukua barua, akaisoma kwa sauti bila haraka, "Dada mpendwa, mdogo sasa anajua kufunga kamba za viatu, lakini bado anakuulizia kila jioni." Akamtazama mama, akauliza, "Mtoto gani huyu anayemuulizia mama mkubwa kila jioni?" Mama alijibu kwamba ndugu yake ndiye aliyemlea mtoto. Akauliza tena, "Na baba yao?" Mama akasema alikufa. Ndipo yule ofisa akachuchumaa mbele yangu mimi, akaniuliza kwa upole, "Baba yako yuko wapi?"

Nilisema, "Baba amekufa, na hakuniaga," nikalia mpaka nikashikwa na kwikwi, maana nilikuwa naamini. Ofisa aliirudisha barua mezani, wakatoka. Mama aliketi sakafuni. Aliniambia nikiwa mtu mzima kwamba alitamani kunikumbatia na kusema, "Baba yako yu hai," lakini wangeweza kurudi, kwa hiyo alinifuta machozi akaniacha niendelee kuomboleza, na hilo, alisema, lilimuuma kuliko yote ya vita vile.

Amani iliporudi, baba alisimama mlangoni, nami nikapiga kelele na kujificha chini ya kitanda, mpaka mama alipoinama na kusema, "Toka, mwanangu, ni mimi niliyesema uongo, huyu hajafa."

Mama alirudi kiwandani hadi alipostaafu mwaka 2001, akafundisha wasichana wengi kushona, akacheka na wajukuu, lakini hofu haikumtoka, hakukaa akiupa mlango mgongo, na sisi tulizoea kuita majina yetu kabla ya kubisha hodi. Mwaka 2016 moyo wake ulianza kudhoofika, akalazwa mara kadhaa, na asubuhi ya tarehe 22 Machi 2018, akiwa nyumbani, alimuuliza baba, "Mlango umefungwa?" Baba akajibu, "Umefungwa, na mimi niko ndani." Alifumba macho, na kabla ya adhuhuri alituacha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani mliopika na kulala nasi, mafundi wenzake wa meza ya mashati mliomshonea nguo hii aliyovaa, na wote ambao sikuwataja.

Mama, pumzika sasa kwa amani, hakuna tena atakayeingia kukuuliza baba yuko wapi.