Ekzosi Mbili za Mzee Shaaban

Basi letu kutoka Kondoa lilikuwa linaingia Dodoma, na Mzee Shaaban, fundi wa mashine za kusaga, alikuwa bado amepakata ekzosi mbili, mabomba ya kutolea moshi. Mpwa wake wa Dar alimletea amchagulie moja ya pikipiki ya majini, ile inayoendeshwa mtu amesimama. Mashindano yake ni Jumamosi.

"Nimezijaribu kwenye mashine yangu," alimwambia Evodia, karani aliyeketi pembeni yake. "Hii fupi inasikika hadi kijiji cha pili. Mashine isiposikika, nani ataleta mahindi?"

"Mzee wangu, baharini nani analeta mahindi?"

Shaaban akaishusha ile fupi magotini. Mimi, kiti cha nyuma, nikawafikiria samaki watakaoisikia.

"Basi hii ndefu, yenye tumbo."

"Tumbo la nini?"

"Nadhani la kuwekea maji."

"Si itakuwa majini tayari?"

Basi likasimama stendi. Utingo wa gari la Dar, wa kumpelekea mpwa, alikuwa dirishani, mkono ameunyoosha, anauliza achukue ipi. Shaaban akazitazama zote mbili, kisha akamgeukia Evodia.

"Mwanangu, wewe bahari umewahi kuiona?"

"Kwenye kalenda ya ofisini."

"Basi chagua wewe."