Njegere ya Kumi na Moja

Katika behewa la wanawake la treni ya kwenda Pune, Sulabha alikuwa akimenya njegere, na gazeti la mapajani mwake lilishageuka uwanja wa kriketi. Yeye na abiria wa pembeni, wasiojuana, walikuwa wakipanga timu bora ya Maharashtra ya miaka yote, kila njegere mchezaji. Walishakubaliana kumi; alibaki mmoja.

"Wa mwisho Dighe," akasema Sulabha. "Dighe? Alikuwa anarusha mpira kama anayemwagia kuku mtama," akasema jirani yake. " Weka Pendse, dada." "Pendse na goti lile bovu?" "Kwa goti hilohilo aliwatoa wapigaji saba wa Mumbai kabla ya mapumziko ya chai."

Sulabha akamweka Dighe uwanjani, njegere ya kumi na moja. Jirani akamsukuma Dighe nje ya uwanja kwa kidole. Sulabha akamrudisha, mara tatu. Treni iliposimama kituo cha Shivajinagar, jirani akainuka, akamwokota Dighe, akamtia kinywani, akashuka huku akitafuna.