Zorica wa Kundi la Watoto Wasiokula Ngano

Zorica wangu anastaafu! Tarehe 31 Oktoba, baada ya miaka thelathini na sita ya uuguzi katika wodi ya watoto ya hospitali yetu. Haya, sasa hamjambo nyote. Wenzake wa wodini wameniomba mimi, Radojka Petronijević, mama yake mzazi, niandike wasifu huu, maana wanasema hakuna aliyemjua mapema kuliko mimi. Kweli hakuna. Shule niliishia darasa la nane, lakini mtoto nilimlea, na mmejionea.

Alianza kazi msichana mwembamba kama ufagio, na tangu siku ya kwanza alichoma sindano mtoto akabaki anashangaa badala ya kulia. Madaktari wameingia na kutoka, yeye yupo.

Lakini sifa yake kubwa ndiyo inayonichanganya. Alifungua kundi mtandaoni la wazazi wenye watoto wa siliaki, wale ambao ngano hata chembe inawaharibu utumbo. Leo wamo zaidi ya elfu mbili. Wamo wapi, mpaka leo sielewi. Tuko jikoni tunamenya pilipili hoho zilizochomwa, simu inalia, ananiambia, "Mama, ngoja kidogo, niko na watu." Nageuka: hamna mtu!

Faida yake hata hivyo niliiona kwa Ognjen, mtoto wa jirani yetu Slađana, naye ana siliaki. Tumbo lilimvimba, akakonda, na Slađana alikuwa anampikia kila kitu bila ngano, kwa sufuria yake ya peke yake. Daktari Vukomanović akapima damu, akapima tena, naye asielewe. Slađana akaandika kundini huku analia. Mmoja akasema angalia sufuria, mwingine dawa ya meno. Ndipo mama mmoja wa mji wa Vranje akauliza: "Dada, vuli hii mtoto amekwenda slava ngapi?"

Ngapi! Slava ni sikukuu ya mtakatifu wa kila nyumba, na Ognjen alizizunguka karibu zote na bibi yake Stamenka. Na nani asiyejua, mlangoni tu unapokewa na kijiko cha ngano ya kuchemsha, yenye jozi na sukari, na kukikataa ni kuitukana nyumba. Bibi alikuwa anamlisha.

"Kijiko kimoja tu, tena kimeombewa na padri!" Stamenka akajitetea. "Kitu cha baraka kitamdhuruje?"

Daktari akamweleza taratibu, vijiko vikakoma. Leo Ognjen anacheza mpira mpaka viatu vinatoboka. Na Stamenka? Hatoki kundini! Ngano yake ya slava siku hizi ni ya mchele, na bibi wenzake anawafokea: "Wewe wa Prokuplje, weka kijiko chini!"

Sasa nimechanganyikiwa zaidi. Macho ya Zorica yamechoka, anataka kulikabidhi kundi, na asipopatikana wa kulishika atalifunga. Kustaafu hospitalini naelewa, unapewa maua. Kwenye simu mtu anastaafuje? Na akina Slađana wapya watamuuliza nani? Daktari ameahidi kujibu mambo ya dawa, lakini mlezi wa kundi hajapatikana. Wazazi wote wanasema hawana nafasi. Aliyekubali ni Stamenka peke yake, tena kwa sharti: "Nitawachungaje watu nisiojua nyuso zao? Nikabidhiwe mbele yao, niwaone."

Mwanangu, asante kwa kila mtoto uliyemshika mkono. Lala mpaka jua likuamshe, ule vizuri, unenepe kidogo, na Mungu akupe miaka mingi ya kunisumbua.

Nanyi wa kundini, slava haina mwaliko, mgeni huja mwenyewe, desturi mnaijua. Ila nyie sijui hata mnakaa wapi, kwa hiyo nawaalika. Kutakuwa na mkate wa mahindi, kabichi za kufungia nyama na mchele, na kijiko cha mlangoni hakitakuwa na ngano. Elfu mbili mtaeneaje nyumbani kwangu, msiniulize. Njooni, kundi lisife. Stamenka atasimama mlangoni kuwatazama nyuso, mmoja mmoja, siku ya slava yetu, ya Mtakatifu Dimitri, tarehe 8 Novemba.